Beringi Tatu na Shafti Moja

Siku za soko, Jumatatu na Alhamisi, soko la Daraja Mbili hujaa ndizi, mboga na mitumba, na mashine za kusaga za mjini Kisii hazipati nafasi ya kupoa. Aliyekuja kuuza anataka kurudi nyumbani jioni na unga wake, wa mahindi au wa wimbi. Mashine ikifa siku kama hiyo, wateja huhamia kwa jirani, na kuwarudisha si kazi ndogo.

Kisa ninachokisimulia ni cha kawaida katika karakana za jua kali, kwa hiyo majina nayaacha. Mama mmoja mwenye mashine ya kusaga alimpelekea fundi kijana shafti iliyolika, amkerezee nyingine. Kijana akafunga chuma kipya kwenye mashine yake ya kukerezea, akakereza viti viwili vya beringi vya milimita 40, kazi safi ya kupendeza macho. Kisha akailegeza shafti, akaigeuza, akaipenyeza ndani ya tundu la mashine hiyo na kuibana upya kwa chaki ya meno matatu, kile kishikio cha mashine, ili akereze kile kichwa kinachobeba rota yenye nyundo za kuponda mahindi. Hakupima. Meno matatu hukaza kwa pamoja, naye aliamini kwamba shafti imejiweka katikati yenyewe.

Shafti ikafungwa kwenye mashine ya kusaga, na wiki haikuisha. Nyumba ya beringi ilichemka hata mkono haukuweza kukaa juu yake, na mabati ya kibanda yakawa yanatetemeka. Beringi ikafa. Ikawekwa nyingine, ikafa.

“Fundi, hizi beringi ulizoniambia ninunue ni feki,” mama akalalamika.

Kijana akakubali upesi. Beringi feki zipo kweli madukani, na lawama zikizielekea hakuna anayeuliza zaidi. Mama akanunua ya tatu, ya bei ya juu. Nayo ikaenda njia ya wenzake.

Ndipo akaipeleka shafti kwa mzee mmoja aliyezeekea kwenye ukerezaji. Mzee hakuigusa beringi. Aliilaza shafti kwa viti vyake juu ya vitalu viwili vya V, akasimamisha dayo geji, kipimo chenye sindano, juu ya kichwa cha rota, akaizungusha taratibu kwa vidole. Sindano ikapanda, ikashuka, ikapanda. Tofauti ilikuwa milimita 0.20.

“Mama, beringi hazina kosa. Kichwa hiki hakiko katikati.”

Sindano huonyesha mara mbili ya kosa lenyewe, kwa hiyo kichwa kilihama kwa milimita 0.10, unene wa karatasi ya daftari. Ni kidogo mno kwa macho. Lakini chukua rota ya kilo 30, izungushe mara 3,000 kwa dakika: kuhama huko peke yake huzaa nguvu ya karibu nyutoni 300, sawa na uzito wa hiyo rota yote, ikizivuta beringi upande huu na ule mara 50 kila sekunde. Mtetemo kama huo hufupisha maisha ya beringi yoyote, iwe halisi au feki.

Mzee akamfuata kijana hadi kwenye mashine yake, wala hakwenda kumgombeza. Walifunga kipande cha chuma kilichonyooka vizuri, wakapima karibu na meno: 0.08. Wakasogeza geji milimita 100 mbele: 0.20. Hapo mzee akaweka alama ya chaki ya shuleni mahali palipokuwa juu zaidi, akalegeza, akakizungusha kipande nusu mzunguko, akakaza tena. Kama pale juu pangefuata alama, kosa lingekuwa la kipande. Palibaki palepale, mbele ya jino namba mbili. Kosa lilikuwa la chaki ya mashine.

Wakaifungua chaki. Kati yake na bamba la mgongo palikuwa na chembe ya chuma iliyobanwa hadi ikawa bapa, na kwenye mfereji uliojipinda kama gamba la konokono unaosukuma meno palijaa grisi kavu na vumbi la chuma. Wakafuta, wakapiga brashi, wakarudisha kila jino kwenye nafasi ya namba yake. Kipimo cha mbali kikashuka hadi 0.06. Hizo zilizobaki zilikuwa za uchakavu wa meno, na ukweli ni kwamba hata chaki mpya ya meno matatu huacha kiasi kama hicho.

“Sasa Mzee, hii 0.06 niigonge kwa nyundo?”

“Ukigonga chaki kwa nyundo ya chuma utaua beringi za mashine yako. Kazi ambayo hutailegeza hadi iishe, iache tu. Vyote ulivyokereza kwa mfungo mmoja vitakuwa na kitovu kimoja hata chaki ikiyumba. Hatari ni unapoigeuza. Ukilazimika kugeuza, tumia ya meno manne, na sindano ikionyesha tofauti ya 0.20 kati ya jino na mwenzake wa upande wa pili, sogeza 0.10 tu. Lakini shafti, kijana wangu, ifunge kati ya sentaa mbili, zile ncha zinazoishikilia kila mwisho.”

Shafti ya pili ilikerezwa hivyo: tundu la sentaa kila mwisho, viti na kichwa vyote vikifuata matundu yale yale, hata ilipogeuzwa.

Nawe unayemiliki mashine ya kusaga, usiondoke na shafti mpya kabla fundi hajaizungusha mbele yako juu ya vitalu vya V, sindano ikigusa kichwa cha rota. Ni dakika chache tu. Ikivuka milimita 0.03, usilipe bado.