Juu ya Samaki Wafao na Haki ya Kutuhumu

Ni ada ya wanaadamu, wapatwapo na msiba, kumtafuta mkosa kabla ya kuitafuta sababu. Na mambo haya mawili si mamoja, kwani sababu hujulikana kwa kutazama na kupima, ama mkosa aghlabu hujulikana kwa chuki iliyokuwapo tangu zamani.

Mfano wake ni mtu wa mjini aliyeweka samaki wa mapambo katika tangi la kioo nyumbani mwake. Hazipiti siku kumi illa awaona wamepanda juu wakitweta, midomo i hewani, na mapezi yamejikunja. La kwanza amtuhumu aliyemwuzia, kuwa amempa wagonjwa; la pili akimbilia dukani kununua dawa, akaimimina, na samaki wakazidi kufa. Lau angaliyatazama maji, angalikiona chakula alichowatupia kwa mapenzi yake, konzi asubuhi na konzi jioni, kimelala chini kinaoza. Uozo huo pamoja na mavi ya samaki wenyewe hutoa sumu iitwayo amonia, na vijidudu viozeshavyo taka huivuta hewa iliyomo majini hata samaki asipate ya kuvuta. Na tangi likiwa jipya, vile vijidudu vyema viigeuzavyo amonia kuwa kitu chenye madhara machache havijazaliana bado, navyo huhitaji majuma kadhaa. Dawa ya ugonjwa huu haimo chupani. Ni kupunguza chakula, kuondoa taka, kubadili kama robo ya maji kwa mengine yaliyotolewa klorini, na kutowasonga samaki wengi mahala padogo. (Ama yule alimwagaye tangi lote kwa siku moja akalisugua likang'aa, huwaua na vile vijidudu vyema, na samaki waliobakia hufa kwa usafi wake. Watu wa namna hii ni wengi, wala si katika samaki tu.)

Sasa na atoke msomaji katika nyumba yake, aende bara hata wilaya za Serengeti na Tarime katika mkoa wa Mara. Huko wapita mto wa Mara, utokao milima ya Mau katika nchi ya Kenya, ukakata mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha ukatandaa katika mabwawa ya mafunjo na kumwagika katika ziwa Victoria karibu na Musoma. Mwezi wa Machi mwaka 2022 maji ya mto huu pande za daraja la Kirumi, katika njia iendayo Tarime, yaligeuka rangi yakawa meusi, yakanuka, na samaki wengi wakaelea wamekufa.

Watu wa pande zile hawakungoja, waliunyoshea kidole mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioko Nyamongo. Wala dhana yao haikuzuka hewani. Mwaka 2009 maji makali ya mgodi yalivuja hata mto Tigithe, ambao huingia katika Mara. Na mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya maji ya taka. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikaleta khabari kwamba maji yalipungukiwa hewa kwa sababu ya mavi na mikojo ya ng'ombe walioingizwa katika bwawa, pamoja na majani yaliyooza. Watu wengi wakacheka. Wakasema, ng'ombe wamekunywa katika Mara tangu enzi za mababu. Vipi mavi yao yaue samaki leo?

Kicheko hiki ndicho kipasacho kupimwa. Mwaka 2018 wataalamu walioongozwa na Christopher Dutton walitoa uchunguzi wao juu ya viboko wa mto huu huu, upande wa juu. Viboko hao wapita 4,000, na kila siku hutia majini maelfu ya kilo za majani yaliyokwisha kusagwa tumboni. Wakati wa kiangazi mavi hukaa chini ya vidimbwi, na maji yakaishiwa hewa. Mvua ikija kwa nguvu huyakumba yote na kuyapeleka chini. Katika miaka 3 walihesabu mafuriko 49 yaliyopunguza hewa ya mto, na katika hayo 13 yaliifikisha pale ambapo samaki hawezi kuishi. Basi kwamba mavi yaua samaki si kichekesho. Ni jambo la tangi lile lile la kioo, lililokuzwa likawa mto. Na ukale wa jambo hauwi hoja, kwani konzi moja ya chakula haiui, na kumi zaua, na chakula ni kile kile.

Lakini kuwezekana si kuthibitika. Aliyeonyesha kwamba mavi yaweza kuua hajaonyesha kwamba ndiyo yaliyoua Machi ile. Na aliyeonyesha kwamba mgodi ulivuja zamani hajaonyesha kwamba ulivuja siku ile. Kadhi hamhukumu mwizi wa mwaka jana kwa kuku aliyepotea jana. Insafu hii ni haki ya tajiri mwenye mgodi, na ni haki vile vile ya mchungaji fukara, ambaye hana wakili wala msemaji, na ambaye ni wepesi mno kumtwika mzigo uliokosa mwenyewe.

Hapa huzuka mas'ala. Mtu amwokota samaki aeleaye mtoni asiyejulikana sababu ya kifo chake, amkausha ampeleke sokoni. Katika madhehebu ya Shafi mfu wa majini ni halali, hata akielea. Naam, lakini uhalali wa mfu si uhalali wa sumu, na kilicho na madhara hukatazwa kwa madhara yake. Tena muuzaji anyamazaye, hali ajua alikomtoa, amefanya ghishi hata kama samaki yule hakumdhuru mtu. Basi dhana yamtosha mtu kujizuilia asile wala asiuze, wala haimtoshi kumhukumu mwenziwe. Wengi wageuza: wala kwa matumaini, na wahukumu kwa dhana.

Na wenye amri wana sehemu yao. Mtu aliyefiwa na riziki yake ana haki ya kuonyeshwa vipimo, si kuambiwa tu matokeo. Vipimo hivyo navyo vina saa yake. Usiku mimea ya majini haitoi hewa bali huivuta, na kwa hiyo maji hupungukiwa zaidi karibu na alfajiri. Apimaye adhuhuri, jua likiwa kali, akaandika kwamba hewa yatosha, hakusema uwongo. Illa hakuwako mtoni saa wafapo samaki.