Mchezo wa Watoto na Macho ya Wazee



Juzi hapa Kapsoit, katika nchi ya chai, njia ya Kericho kwenda Kisumu, nalimwona mama mmoja ametoka kuchuma majani, kapu lingali mgongoni, amesimama kando ya kiwanja cha skuli. Mwanawe alikimbia akawa wa mwisho. Mama akampigia makofi, na mtoto akacheka. (Kericho ndiko alikotoka Wilson Kiprugut, aliyeipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo, mwaka 1964.)

Nikawakumbuka watoto wetu. Asubuhi skuli, alasiri chuo, usiku mwalimu wa ziada. Na akionekana na mpira huitwa mtundu, pengine akala bakora. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliagiza katika Ihya kwamba mtoto atokapo chuoni aachwe acheze mchezo mwema, kwani kumnyima mchezo na kumchosha kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuzima akili yake, hata akatafuta hila ya kuikimbia elimu. Nasi twastaajabu akitoroka!

Tena Mtume wetu (s.a.w.) hakuruhusu mchezo tu. Wahabeshi walipocheza kwa mikuki msikitini, alisimama akamsitiri Bi Aisha kwa shuka yake apate kutazama, wala hakuondoka hata aliyechoka akawa Bi Aisha mwenyewe.

Basi, ewe baba uliyeketi barazani na kahawa yako, skuli ya mwanao iko mtaa wa pili. Mara ya mwisho kusimama kando ya kiwanja chake ilikuwa lini?