Walimwona Kuku

Kipo kisa kilichosimuliwa na Mwingereza John Wilson, ambacho Marshall McLuhan wa Kanada alikiingiza katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy mwaka 1962. Filamu ya usafi, ya dakika kama tano, ilionyeshwa kwa wanakijiji wa Kiafrika thelathini na ushei. Ndani yake bwana afya anakwenda taratibu mno, anamwaga maji yaliyotuama, anaokota kopo moja baada ya jingine. Filamu ilipokwisha wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: kuku.

Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba ina kuku. Wakaipitia picha kwa picha, wakamkuta kweli, amekurupushwa na mtu, anaruka kwenye kona ya chini kwa sekunde moja hivi. Watazamaji walipodadisiwa zaidi wakasema ndiyo, na mtu naye walimwona. Hitimisho likawa kwamba Mwafrika huyu hajajifunza kusoma picha.

Mimi nawapa haki wanakijiji. Ukinikalisha dakika tano nikimtazama mtu akiokota makopo, nami nitamshika kuku. Waliulizwa swali zuri, wakajibu kweli tupu, na jibu lao likageuzwa ushahidi dhidi yao. Katika kisa hicho hakuna anayerudi kujiuliza kama filamu yenyewe ilikuwa imepooza.

Na upole ule wa picha ulikuwa na mwalimu wake. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha kitengo cha filamu za makoloni, kikashika kanuni za William Sellers: picha ziende polepole, kamera isizungushwezungushwe, hila ziepukwe, Mwafrika asije akachanganyikiwa. Tanganyika ilikuwa imeonja jambo linalofanana na hilo kabla. Kati ya 1935 na 1937, Geoffrey Latham na Meja Leslie Notcutt walipiga kambi Vugiri, milima ya Usambara, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York, wakatengeneza filamu fupi 35 kuhusu kodi, safura, akiba ya posta na mengineyo. Sauti ilikuwa kwenye santuri, na lori lilizunguka na filamu hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Angalau hao walitoka kwenda kutazama watu wanavyozipokea. Serikali za makoloni zilipokataa kuugharimia, mpango ukafungwa.

Sasa tuhamie Dodoma, kwa mfano wa kutunga. Kijana ametengeneza filamu fupi ya njaa ya Ugogo. Ameipiga mwezi wa tisa, vumbi limetanda, mibuyu haina jani, kila kitu rangi ya udongo. Haijakamilika, hivyo anaipeleka kijijini upande wa Mvumi kuchukua maoni. Mwenyekiti wa kijiji amekalishwa mbele kabisa. Kijana anauliza, "Mmeipenda?" Mwenyekiti anaipenda, basi kila mtu anaipenda. Kosa la kwanza hilo, na ndilo jepesi kurekebisha: mwenyekiti akae nyuma au aje siku nyingine, na watu waombwe kusimulia walichokiona, mmoja mmoja.

Wakati wa kutawanyika bibi mmoja anamsogelea. Kijana anaamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Mbona njaa yako ni ya mwezi wa tisa? Huku tunavuna kuanzia mwezi wa tano. Njaa inatubana mvua ikiwa imeshika, mtama uko kijani shambani na ghala halina kitu."

Kijana anamshukuru, na kwenye pikipiki anamweleza mpigapicha wake kwamba bibi hakuelewa, ukame ule ni ishara. Neno la bibi ndilo kuku wake. Kama angekaa na bibi nusu saa angepata filamu ambayo hakuna mgeni angeiwaza: mama amesimama katikati ya mimea iliyomfika kiunoni, anasubiri masuke yakomae huku watoto wakilala na uji mwepesi. Njaa ya kahawia tumeiona kwenye televisheni hadi haitushtui tena.

Simaanishi kila neno la mtazamaji lifuatwe. Bibi angemwambia aongeze wimbo au amwoze binti wa kwenye filamu, kijana angeweza kumsikiliza kwa heshima akaendelea na lake. Mtazamaji mara nyingi hukosea dawa. Mahali panapouma hakosei.

Uwanda wa kati, tena, hausubiri mtu. Mvua zikianza Desemba, kijani kinakaa miezi michache tu, na ukikipoteza, unakingoja mwaka mzima. Ndiyo maana maoni yachukuliwe mapema, picha zikiwa bado chafu, kabla ya kugusa rangi na muziki. Kijana wetu alianza na muziki. Ikifika Machi anaanza kukubali kwamba bibi alisema kweli, mtama umeshabeba masuke, na pesa yote iko kwa mwenye studio.