Kichwa cha Mpanda Pikipiki ni cha Nani?

Liko swali ambalo wazee wetu hawakuulizwa, maana hawakuwa na chombo cha kuwaletea taabu hiyo. Mtu apandaye pikipiki akikataa kuvaa kofia ngumu, amemkosea nani? Vijana wengi hujibu upesi: "Hakumkosea mtu. Kichwa ni chake, na kikipasuka kimepasuka chake." Jibu hili si la kuchekwa. Limetetewa na watu wenye akili, tena mbele ya mahakimu, nasi yatupasa kulipima kwa haki kabla ya kulikataa.

Mwaka 1859 mwanafalsafa wa Kiingereza, John Stuart Mill, alitoa kitabu juu ya uhuru. Shauri lake kuu ni kwamba watu hawana haki ya kumlazimisha mtu mzima kwa ajili ya faida yake mwenyewe tu. Haki yao huanza pale anapowadhuru wengine. Akatoa mfano wa daraja bovu. Mtu yu karibu kulivuka, nawe huna nafasi ya kumwonya: mkamate, umrudishe, maana hakukusudia kuanguka mtoni. Lakini ikiwa hatari si ya yakini, naye amekwisha kuijua, basi kazi yako ni kumwonya, si kumzuia.

Mwaka 1968 mahakama ya rufani ya jimbo la Michigan, huko Marekani, ilitangua sheria ya kofia ngumu kwa hoja iliyo karibu na hiyo. Miaka minne baadaye mahakimu wengine, katika kesi ya jimbo la Massachusetts, walikataa kuwafuata. Walisema kwamba tangu dakika aangukayo mtu, jamii humwokota barabarani, humpeleka hospitali ya mji kwa waganga wa mji, na asipopona sawasawa humtunza yeye na watu wa nyumbani mwake. Basi atasemaje kwamba jambo hili ni lake peke yake?

Hoja hii ina nguvu, lakini nguvu yake ni ya daftari la hesabu. Tajiri aliyejiwekea akiba ya matibabu angeweza kujibu, "Nitajilipia," na hakimu angekuwa hana la kusema. Tena kwa hoja iyo hiyo wangeweza kumkataza mtu kula mafuta mengi, au kupanda mlima mrefu. Mimi nadhani pande zote mbili zina kasoro moja. Zimemtazama mpandaji kana kwamba yu peke yake barabarani, na nyuma yake hakuna ila jamii kubwa isiyo na sura. Walakini watu hawapandi hivyo siku zote. Mara nyingi hupanda kwa makundi, na katika kundi yule "mwingine" aliyesemwa na Mill hupata uso na jina.

Kabla ya kulifikia kundi, yafaa tuijue kofia yenyewe, kwa kuwa wako wanaobishana juu yake wasijue kazi yake. Tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepata sifa katika vita vya Waarabu na Waturuki, alikuwa akiendesha pikipiki kichwa wazi katika wilaya ya Dorset. Akawakuta ghafula vijana wawili wa baiskeli, akapinda ili asiwagonge, akaanguka. Baada ya siku sita akafa. Mmoja wa waganga walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, bingwa wa kupasua ubongo. Mwaka 1941 Cairns alichapisha habari za uchunguzi wake. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, wapanda pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa katika barabara za Uingereza, na kuumia kichwa ndiko kulikowaua wengi. Wagonjwa aliowaona walioanguka wakiwa wamevaa kofia ngumu walikuwa saba tu, na hakufa hata mmoja. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo jeshi likaamuru matarishi wake wote wa pikipiki wavae kofia. Raia walingoja hata tarehe 1 Juni 1973 ndipo walipoamriwa na sheria, na Cairns alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1952.

Mbona jeshi lilikata shauri kwa miezi michache, na raia wakakaa miaka 32? Wengine watasema ni kwa sababu askari hana uhuru. Ni kweli, lakini si yote. Jeshi huwahesabu watu wake. Tarishi akianguka njiani, barua haikufika, na wako watu handakini waliokuwa wakiingoja barua ile. Mkuu wa jeshi hakuwa na haja ya kuuliza kichwa ni cha nani.

Kofia yenyewe haifanyi muujiza. Ndani ya gamba lake mna povu gumu, nalo hupondeka kichwa kinapogonga chini. Kule kupondeka hula sehemu ya nguvu ya pigo ambayo ingaliingia ubongoni. Likiisha kupondeka halirudi kama lilivyokuwa. Kwa hiyo kofia iliyopata pigo kubwa ni pambo tu, hata ikipakwa rangi mpya na kuuzwa sokoni kwa bei nafuu. Na kofia isiyofungwa kamba kidevuni huruka kabla kichwa hakijafika chini. Mwaka 2008 wataalamu waliokusanya pamoja matokeo ya uchunguzi wa nchi nyingi waliona ya kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa 42 katika kila 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa 69. Wale wasemao kwamba kofia huziba masikio na macho walikwisha kujibiwa mwaka 1981 huko Marekani, katika taarifa ya Harry Hurt juu ya ajali 900 za eneo la Los Angeles. Haikuonekana kwamba kofia ilimzuia mpandaji kusikia wala kuona hatari. Tena kichwa si kiungo cha pekee. Mtu aangukaye hutanguliza mikono bila kufikiri, na lami huchuna ngozi kama mbuzi ikunavyo nazi. Glavu, koti nene na buti zifikazo juu ya kifundo si majivuno ya watu wa baridi.

Sasa tulitazame kundi. Watu waliozoea kusafiri pamoja kwa pikipiki hawaendi bega kwa bega, wala hawafuatani mmoja nyuma ya mgongo wa mwenziwe. Wa kwanza hushika upande mmoja wa njia yao. Wa pili hukaa nyuma yake kidogo, upande wa pili. Wa tatu hurudi upande wa kwanza. Ikawa mfano wa nyayo za mtu atembeaye mchangani. Kati yako na yule aliye mbele yako sawasawa huachwa nafasi ya sekunde mbili, na kati yako na yule aliye mshazari, sekunde moja. Katika mwendo wa kilometa 60 kwa saa, sekunde mbili ni kama mita 33. Kwenye kona kali wote huingia mstari mmoja, ili kila mtu apate nafasi ya kupinda. Nafasi hizi si adabu za gwaride. Ni muda ambao mwenzako amekuachia wa kuona, kufahamu, na kushika breki.

Mgeni huwekwa wapi? Watu wengi hudhani atawekwa nyuma kabisa, asisumbue wengine. Kumbe mahali pake ni nyuma ya kiongozi, na nyuma kabisa hukaa mpandaji mzoefu. Sababu yake ni hesabu, nami naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa katika hesabu hii ndimo ulimo moyo wa maneno yangu.

Msafara hunyumbuka kama mpira. Kiongozi akilipita lori, huendelea mbele kwa kilometa 80 kwa saa, mwendo ambao hapana askari wa barabara kuu atakayemlaumu. Wa mwisho amezuiliwa nyuma ya lori lile lile, akingoja njia iwe wazi. Apatapo kupita, wenzake wamekwisha kumwacha kilometa moja. Akienda kwa 80 kama wao, hatawafikia kamwe. Akienda kwa 100 atawafikia baada ya dakika tatu, akiwa amekimbia kilometa tano kwa mwendo ambao kiongozi hakuwahi kuufikia. Na kama huyo wa mwisho ni kijana asiyejua njia, mwenye hofu ya kupotea, tena mwenye aibu ya kuitwa mzembe, atakimbia hivyo penye kona kama penye njia nyofu. Akianguka, kiongozi atasema kwa moyo safi, "Mimi sikuzidi 80." Naye atakuwa amesema kweli. Lakini je, hana sehemu yake katika mwendo ule?

Mimi naona anayo. Hakumwamuru kijana akimbie, wala hakumwona akikimbia. Walakini alichagua kuongoza watu, na aongozaye watu huchagua mwendo wa yule asiyemwona. Katika kundi hapana tendo liishialo kwa mtendaji.

Na kofia ni vivyo hivyo. Mtazame kijana afikaye mahali pa kukutania, kofia yake kichwani, kamba imefungwa. Awakuta wakubwa aliowatamani siku nyingi kuwa mwenzao, nao wote vichwa wazi. Hapana amwambiaye vua. Mmoja atabasamu tu. Baada ya muda kofia i mkononi, kisha imetundikwa kwenye usukani. Amevuliwa na nani? Mill angesema kijana huyu ameijua hatari, akaichagua. Mimi nasema aliyoichagua ni hatari ya kichwa badala ya hatari ya aibu, na wenye kuiweka aibu ile mbele yake ni watu ambao wangeweza kuiondoa kwa kufunga kamba zao wenyewe.

Jambo hili hudhihirika sana katika maziko ya waendesha bodaboda. Katika miji ya Kenya, Uganda na Tanzania, mwenzao akifa, wenziwe humsindikiza kwa msafara, honi zikilia, wengine wakiwa wamebeba matawi. Heshima hiyo ni njema, na asiyeiona uzuri wake ana moyo mgumu. Lakini mara nyingi huenda wamesongamana, gurudumu karibu na gurudumu, vichwa wazi, na wengine hujaribu michezo juu ya tandiko. Marehemu mwenyewe pengine alikufa kwa ajali ya namna hii hii. Nashindwa kuelewa jinsi mtu awezavyo kumlilia mwenzake kwa kumweka mwenzake wa pili katika hatari iyo hiyo.

Mtu ataniuliza: "Basi wataka kiongozi awe mfalme, awalazimishe watu wazima?" La. Kundi huingiwa kwa hiari. Kiongozi asemaye, "Hatuondoki mpaka kila kamba ifungwe," hakumnyang'anya mtu uhuru wake. Asiyetaka ana barabara nzima ya kupanda peke yake, na hapo huenda Mill akawa wakili wake. Najua pia kwamba kichwa cha mtu chaweza kubeba jambo kubwa kuliko usalama. Mwaka 1976 Uingereza iliwatoa Masingasinga wavaao kilemba katika sheria ile ya kofia, nami naona ilikuwa haki, kwa kuwa kilemba chao si urembo. Msafara wenye mtu wa namna hiyo wajua mapema ni kichwa kipi kisicho na ngao, nao waweza kupunguza mwendo kwa ajili yake.

Wa kuhurumiwa zaidi ni abiria. Tangu mwaka 1965 au mwaka 2025, abiria ni abiria: hashiki usukani, haoni mbele, na mara nyingi hakupewa kofia. Sheria ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2012 yamtaka mwendeshaji avae kofia ngumu na koti ling'aalo, na abiria wake naye apewe, tena abiria awe mmoja tu. Abiria wengine hukataa, wakisema kofia ile imekwisha valiwa na watu kumi tangu asubuhi, ina jasho na harufu, na itaharibu nywele zilizosukwa kwa fedha. Neno lao si la kipuuzi. Kitambaa safi chini ya kofia, na kofia kuanikwa juani jioni, vingeondoa nusu ya ubishi huu kwa gharama ndogo sana. Lakini mwendeshaji aliyevaa kofia yake nzuri, akamkalisha mama na mtoto nyuma yake vichwa wazi, hawezi kusema neno la "kichwa changu, shauri langu." Vichwa vile si vyake.

Narudi kwa yule wa mwisho aliyekuwa akikimbilia wenzake. Wasafiri wa pikipiki wa Ulaya wana desturi iwezayo kumponya. Msafara ufikapo njia panda, kiongozi huonyesha mahali kwa mkono, na yule aliye wa pili husimama pale. Huwaonyesha wote wapitao upande wa kwenda, mmoja mmoja, mpaka amwone yule mzoefu wa nyuma kabisa; ndipo naye huondoka, akaingia mbele yake. Penye njia panda ya pili husimama mwingine. Hivyo hapana apoteaye, na kwa kuwa hapana apoteaye, hapana haja ya kukimbia. Wa mwisho akizuiliwa na lori, na azuiliwe. Ajua ya kuwa mbele yake, jua likiwaka au mvua ikinyesha, yuko mtu amesimama na kofia yake kichwani, akimngoja.