"Kama Uionavyo": Mauzo ya Mwisho na Amana Yake



Wako wengi katika miji yetu ya pwani ambao, pamoja na kazi zao za mshahara, huwa na kazi ndogo ya pembeni ya kuongezea riziki. Huyu hufuga kuku, yule hukodisha viti vya arusi, na mwingine hununua mashine ya kuoshea magari kwa nguvu ya maji, akatafuta mahali penye kivuli na kisima, akamweka kijana. Baada ya miaka miwili mitatu faida haionekani, au afya imepungua, akaamua kuacha. Hilo halina lawama. Lakini vyombo vimebaki, na huviuza. Hapo ndipo penye swali letu: huyu anayeuza vyombo vikuukuu, na ambaye kesho si mfanyabiashara tena, ana wajibu gani kwa mnunuzi?

Swali hili si dogo kama lionekanavyo. Mfanyabiashara anayeendelea ana mengi ya kumzuia asidanganye: achelea wateja kumkimbia, na achelea jina lake kuchafuka mjini. Lakini anayeuza ili aondoke hana cha kuchelea kwa watu. Duka limefungwa, na huenda asimwone mnunuzi tena. Basi katika mauzo haya ya mwisho ndipo mtu ajuapo kama ukweli wake ulikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, au ulikuwa kwa ajili ya wateja.

Na tuitazame mashine yenyewe. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na chumvi hula chuma. Pampu ikipitisha maji hayo siku nyingi, au ikiachwa izunguke bila maji, vipira vyake vya ndani hulika. Maji yakaingia katika oili, na oili ikageuka nyeupe kama maziwa. Mwenye mashine ayajua haya kwa sababu amekaa nayo, mnunuzi hayajui. Asubuhi ya siku ya kuuza, oili hubadilishwa. Injini ambayo ikiwa baridi haiwaki ila kwa kuvutwa kamba mara ishirini, huwashwa mapema ili mgeni aikute ina moto. Mdomo wa kutolea maji hutiwa wenye tundu dogo zaidi, ili maji yatoke kwa kishindo katika zile dakika tano za kujaribu. Kisha mnunuzi huambiwa: "Bwana, mashine ndiyo hiyo, kama uionavyo."

Je, ameona nini? Ameona oili ya leo na moto wa asubuhi hii. Mashine yenyewe hakuiona.

Bwana Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la chakula kinachouzwa, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenyewe akatoa udhuru kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akatangaza kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Zingatia, ndugu yangu: mtu yule hakukitia maji chakula chake. Alilaumiwa kwa kuwa kibovu kilikuwa chini na kizima juu. Na wewe pengine si uliyeiharibu pampu. Ni chumvi na ni umri. Utakaloulizwa ni lile ulilolifunika.

Wengine husema: "Nimeshamwambia ni kama aionavyo, nimejitoa." Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameitaja mas'ala hii katika Minhaj, kitabu mashuhuri cha madhehebu ya Shafi. Anayeuza kwa sharti la kuepukana na aibu zote, kauli yenye nguvu ni kwamba huepukana na aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, si zaidi ya hapo. Mashine si mnyama, na wewe wajua. Neno hilo basi halikukingi.

Walakini dini yetu si ya kumkalifisha mtu. Hulazimiki kuhesabu kila mkwaruzo. Aibu katika fiqhi ni kile kinachopunguza kitu au thamani yake hata kusudio sahihi likapotea, na ambacho aghlabu kitu cha aina hiyo hakina. Mpira wa maji uliochakaa katika mashine ya miaka mitatu ni jambo la kawaida, na kila mtu aliona. Pampu inayovuja ndani si jambo la kawaida.

Imepokewa kuwa Wathila bin al-Asqaa (R.A.) alikuwapo mtu alipomuuza ngamia kwa dirhamu 300. Mnunuzi alipokwisha kwenda, Wathila akamkimbilia, akamuuliza: wamtaka kwa nyama au kwa kupanda? Akasema kwa kupanda. Wathila akamwambia kuwa ukwato wake una tundu, hatastahimili safari. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akampunguzia dirhamu 100. Ngamia hakuwa wa Wathila! Ikiwa mpita njia amelazimika kusema, mwenye mali atanyamazaje?

Utasema: "Nikieleza yote nitapata hasara." Kweli, bei itashuka. Tuseme ukinyamaza utapata shilingi 40,000, na ukisema utapata 28,000. Hizo 12,000 si bei ya mashine. Ni bei ya kunyamaza kwako. Na anayezilipa ni nani? Aghlabu ni kijana asiye na kazi, amekopa kwa mjomba wake au mama yake ameuza bangili. Mwezi haujesha, mashine imekufa na deni li hai. Nawe shilingi hizo umenunulia wanao unga.

Nawe mnunuzi una lako. Usikishushe thamani kitu kizima kwa kukisingizia ubovu, kwa kuwa umeona mwenzako ana haraka. Huko pia ni kudhulumu.

Na aliyekwisha kuuza hali ameficha, mlango haujafungwa. Amtafute mwenziwe, amweleze, ampe hiari ya kurudisha. Mnunuzi naye akijua, asikawie wala asiendelee kuitumia, kwani katika madhehebu yetu hiari ya kurudisha kwa aibu hutakiwa papo hapo.

Hukumu ni hiyo hiyo kwa mama anayeuza cherehani yake, na kwa anayeuza jokofu kwa kuwa ahama nyumba. Funga biashara ukitaka, ndugu yangu, lakini ifunge kama ulivyoifungua, kwa Bismillahi.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kusema kweli katika mauzo yetu ya mwanzo na ya mwisho. Amin.