Kitabu kina mtu wake

Kitabu kizuri hupewa mtu, hakitangaziwi umati. Rafiki akiniuliza asome nini, kwanza humuuliza siku hizi anawaza nini, kisha namwazima nakala yangu mwenyewe, kona zikiwa zimekunjwa pale nilipokesha. Anayehofu kwamba umri umemtupa mkono, nampa *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert: binti wa kijiji cha Fumba aliyetembeza vyungu vya udongo mjini Unguja, na mwaka 1928, akiwa ameshapita miaka 40, akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Sijaona dawa bora ya kukata tamaa. Anayedhani historia ni tarehe tupu, basi *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, itamwingiza katika Zanzibar ya ukoloni kupitia Yasmin, msichana aliyeozwa mume mzee, na siasa itaanza kumuuma kabla hajajua kwamba anasoma siasa. Kwa wapenzi wa visa vya mauaji ninacho kimoja cha kweli, *Killers of the Flower Moon* cha David Grann, kuhusu Waosage, kabila la Wamarekani wa asili huko Oklahoma, waliouawa miaka ya 1920 kwa sababu ya fedha za mafuta, wengine kwa njama za watu waliooa katika familia zao. Hiki simpi mwenye msiba mbichi. Namwekea mpaka atakapokiomba mwenyewe.