Sikukuu ni ya Nani?

Katika orodha ya sikukuu za Jamhuri ya Muungano wa Tanzania zimo sikukuu za namna mbili. Ziko zilizozaliwa na historia ya taifa: Mapinduzi, tarehe 12 Januari, Muungano, tarehe 26 Aprili, Uhuru, tarehe 9 Desemba, pamoja na siku za wafanyakazi na wakulima. Tena ziko zilizozaliwa na dini: Idi mbili na Maulidi kwa upande mmoja, Ijumaa Kuu, Pasaka na Krismasi kwa upande wa pili. Zote zimo katika orodha moja, na katika siku hizo zote ofisi hufungwa na shule hunyamaza. Jambo hili tumelizoea mno hata hatuliulizi swali. Nami naona lastahili kuulizwa: sikukuu hizi ni za nani?

Jibu jepesi ni kwamba kila sikukuu ina wenyewe. Idi ni ya Waislamu, Krismasi ni ya Wakristo, na Uhuru ni wa wote. Lakini jibu hilo halitoshi. Katiba yetu ya mwaka 1977 yatamka kwamba Jamhuri haina dini. Kama nchi haina dini, na kama Krismasi ni ya Mkristo peke yake, ingetosha kumpa Mkristo ruhusa ya kwenda kanisani, na Mwislamu akabaki mezani pake akijibu barua. Vivyo hivyo Mkristo siku ya Idi. Haikufanywa hivyo. Hata yule asiyekwenda kusali alipewa mapumziko. Basi mapumziko yake yeye yana maana gani? Je, alipewa siku ile ili alale?

Sidai kwamba maana nitakayoitaja imeandikwa katika sheria. Nasema ndiyo maana ambayo wananchi wenyewe wameipa siku ile kwa matendo yao. Mwenye sikukuu amepewa siku ya kusali na kuandaa. Asiye mwenye sikukuu amepewa siku ya kubisha hodi. Bila huyu wa pili, sikukuu hubaki kuwa ya kundi. Yeye ndiye aifanyaye kuwa ya taifa.

Tutazame mifano. Kabla ya sala ya Idi el Fitri, Mwislamu mwenye uwezo hutakiwa atoe fitiri, pishi ya chakula kwa kila mtu wa nyumba yake, ili maskini naye apate kula siku hiyo. Maana yake ni kwamba furaha ya nyumba yangu haianzi mpaka nimeuliza habari za jiko la mwenzangu. Kisha, katika miji na vijiji vya pwani, sahani zilizofunikwa kwa kawa hutoka nyumba hii kwenda nyumba ile, nazo hazichagui dini ya mpokeaji. Mwenye kupokea naye hapendi kuirudisha sahani tupu. Huko Kilimanjaro, mwezi wa Desemba, watu hurejea kutoka mijini hadi kwenye vihamba vya wazee wao. Mnyama huchinjwa, na kila kipande cha nyama huwa na mwenye haki nacho. Katika mila zote hizo chakula si shibe tu. Ni njia ya kumwambia mtu kwamba anahesabiwa.

Ipo mila nyingine, nayo kwangu ni kubwa kuliko hizo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, Mkristo mwenye karamu humwita jirani yake Mwislamu amchinjie. Yeye mwenyewe angeweza kukishika kisu, na imani yake haimkatazi. Lakini ajua kwamba akichinja mwenyewe, baadhi ya majirani watakaa sinia likipita mbele yao. Anaacha kidogo haki yake ili asiwepo wa kutengwa. Huo ndio ustaarabu, nao haukufundishwa katika semina yoyote.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba mila hiyo haivunjiki. Mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja uliishia katika kumwagwa damu ya binadamu, na mchungaji mmoja akauawa. Tendo lile lile lililokuwa likiwakusanya watu likawagawa. Mabadiliko hayo hayakutoka katika kisu wala katika nyama. Hisani ilipogeuzwa kuwa dai, na aliyekuwa akiombwa na aliyekuwa akiomba walipoanza kuamrishana, utamu ulitoka. Hapa pana funzo zito: ujirani hauwezi kudaiwa kwa nguvu. Hutolewa kwa hiari, na hulindwa kwa heshima ya pande zote mbili.

Atatokea mtu aseme: "Kushiriki sikukuu ya mwenzangu ni kushiriki imani yake, nami siwezi." Mtu huyo asidharauliwe, maana dhamiri ni amana. Lakini na atofautishe ibada na ujirani. Mlangoni mwa msikiti na mlangoni mwa kanisa kila mmoja huingia na imani yake; mlangoni mwa nyumba mtu huingia na utu wake. Kumwambia jirani "Idi njema" au "Krismasi njema" si kutoa shahada wala kubatizwa. Na yule ambaye dhamiri yake hata hivyo humzuia kula, asilazimishwe. Mwenyeji mwema hukaribisha, hakamati mkono.

Wahenga nao wana neno la kututia shaka: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Ni kweli kwamba wengi huja penye pilau na kutoweka penye msiba. Lakini methali hiyo yamshutumu mla asiye na shukrani. Haisemi tule peke yetu. Tena katika mitaa yetu, nani anayefika kwanza usiku mtoto akishikwa na homa? Aghalabu ndugu wa damu yuko mbali, safari ya siku mbili. Anayefika ni yule aliyekwisha kuijua njia ya uani kwa kuleta na kupokea sahani.

Sasa turudi kwenye sikukuu za historia, ambazo tumesema ni za wote. Ajabu ni kwamba hizo ndizo zilizo hatarini zaidi kukosa mwenyewe. Siku ya Idi yuko mwenyeji na yuko mgeni. Siku ya Uhuru sote tu wenyeji, basi hakuna anayemwalika mwenziwe. Twaiachia serikali kazi ya kuandaa, nasi twabaki watazamaji wa gwaride. Sisi tuliofanya kazi katika ofisi za umma twajua jinsi viti na majukwaa yanavyopangwa, na jinsi kadi za mwaliko zinavyohesabiwa. Yote hayo yana heshima yake. Lakini hakuna kadi iwezayo kuwafikia watu wote wa mtaa.

Mwaka 2015 gwaride la tarehe 9 Desemba halikufanyika. Rais John Magufuli aliagiza siku hiyo itumike kusafisha mazingira, kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kikiua watu, na fedha za sherehe zikaelekezwa kwenye upanuzi wa barabara jijini Dar es Salaam. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye aliagiza fedha za sherehe zijenge mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Wako waliouliza: bila gwaride, sikukuu imebaki wapi? Swali hilo ni mizani ya kutupimia. Idi ikikosa baraza la Idi, bado ni Idi, kwa sababu imo majumbani. Kama Uhuru ukikosa gwaride hauonekani tena, basi haukuwahi kuingia majumbani mwetu.

Na uingie. Sisemi tutungiwe mila kwa waraka. Mila ya waraka hufa pamoja na waraka wake. Nasema tuichukue ile tuliyo nayo. Siku ya Uhuru nayo itoe sahani yake. Mzee aliyekuwapo mwaka 1961 asimulie alichokiona, na watoto wa nyumba ya pili waitwe kusikiliza. Mtaro ulio kati ya nyumba mbili usafishwe na nyumba zote mbili. Mwalimu awaulize wanafunzi wake, siku ya kufungua shule, si nani aliyeliona gwaride, bali nani aliyeingia nyumba isiyo yao, na alimkuta nani.

Taifa ni neno kubwa, wala hakuna awezaye kulikumbatia lote. Liwezekanalo ni kumpenda yule aliye upande wa pili wa ua. Sikukuu ni ya yule aliyeandaa, na ni ya yule aliyebisha hodi.